Ndege wa Rangi Nane

Mimi si mtu wa ndege. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadai nimejipa ujuzi nisiokuwa nao. Ndege niwajuao mimi ni kuku, bata, na wale kunguru wa sokoni Darajani wanaokwapua vitumbua kwenye sinia huku mwenyewe unatazama. Kazi yangu ni vitambaa. Niletee shifoni, niletee satini, niletee kitambaa cha dera kitakachochuja siku ya kwanza kufuliwa, nitakwambia habari zake nimefumba macho, kwa vidole viwili tu.

Jina langu Bimkubwa. Nina duka Unguja, na tangu mwaka 2002 nilikuwa nikienda Guangzhou mara nne, mara tano kwa mwaka kufuata mzigo. Mwanangu Muzdalifa, na ndiye huyo huyo mmoja, alikuwa akisoma huko huko kwa ufadhili. Nilijua anasoma misitu. Nikasema haya, misitu ni mbao, mbao ni makabati, makabati ni biashara. Mwaka wa tatu ndipo nilipogundua kwamba anachokisoma ni ndege wanaotua kwenye hiyo misitu. Tena si ndege wa kufugwa, ndege wa kupita! Wanatoka kusini wanakwenda zao kaskazini, na mwanangu amekaa chini ya mti anawahesabu. Nilikaa kitako siku ile, wallahi.

Sasa, haya ninayoyasimulia ni ya Aprili mwaka 2007. Guangzhou ya miaka ile ilikuwa haishikiki. Safari hii unaona shimo la msingi, safari ijayo pana jengo la ghorofa thelathini na chini yake soko la viatu. Wanafunzi wetu, Watanzania, Wakenya, Wakongo, walikuwa wakiacha masomo mmoja baada ya mwengine kwenda kuwatembeza wafanyabiashara masokoni, maana mtu anayejua Kichina hakosi kazi. Marijani, mtu wa Dar aliyekuwa wakala wangu tangu mwanzo, alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Ofisi yake ilikuwa Zhongda, penye soko la vitambaa, na alikuwa tayari kumwachia Muzdalifa ofisi hiyo pamoja na wateja wote. Mwenye jengo alitaka mkataba utiwe saini Jumapili saa nane mchana, la sivyo anampa mtu mwengine. Na chuoni nako walitaka jibu la Muzdalifa Jumatatu asubuhi. Alikuwa amechaguliwa kwenda milimani, kaskazini ya jimbo, miezi mitatu kuhesabu ndege, na baada ya hapo miaka miwili zaidi ya masomo. Ofisi au mlima. Viwili haviendi pamoja.

Mimi nilitaka ofisi. Na nitasema kwa nini, ingawa yeye sikumwambia. Baba yake alikuwa na miaka miwili tangu afariki. Nyumba yangu Unguja ina vyumba saba, na anayezungumza ndani yake ni redio. Ile ofisi ya Marijani ilikuwa na vyumba viwili vya kulala kwa nyuma. Nilishapanga moyoni: nusu ya mwaka nitakaa kule na mwanangu, nimpikie, anigombeze kwa kuzidisha chumvi, tulale nyumba moja. Nilikuwa mpweke, basi. Nilichoka kuwa peke yangu na nilimtaka mwanangu.

Lakini hayo sikuyasema, kwa sababu sijui kuyasema. Nimelelewa na marehemu mama yangu aliyekuwa akiuza kanga, na somo lake la kwanza lilikuwa hili: ukiingia dukani, kile unachokitaka hukitazami. Unashika kingine. Unauliza bei ya kingine, unaguna, unapiga miayo. Muuzaji akishajua roho yako iko wapi, umekwisha. Nilimfundisha Muzdalifa hivyo hivyo tangu ana miaka saba. Kwa hiyo nilipokuwa nikimbembeleza habari ya ofisi nilimtajia wateja, nilimtajia jina atakalolipata mjini, nilimtajia mashoga zake waliokwisha jenga. Kuhusu mimi mwenyewe, hata neno.

Jumamosi tulikuwa Zhongda pamoja, yeye mkalimani wangu. Niliona shifoni ya feruzi, roho ikaitaka. Unguja nzima hapakuwa na feruzi ile. Basi nikaipa mgongo. Nikashika kitambaa cha kahawia kibovu kilichokuwa pembeni, nikauliza bei, nikakunja uso, nikauliza na cha kijivu. Laobani, yaani bosi wa duka, akawa ananibonyezea kikokotoo chake chini ya pua. "Bu yao," nikamwambia, sitaki, nikaanza kutoka. Mlangoni ndipo nilipoonyesha ile feruzi kwa kidevu, kama mtu anayeuliza bei ya ufagio. Tulitoka na majora arobaini kwa bei ya kile cha kahawia.

"Mama," Muzdalifa akaniambia tulipofika nje, anacheka, "hata mimi nilidhani umependa kahawia."

"Ndivyo inavyotakiwa," nikamjibu. "Jifunze, maana kuanzia kesho ofisi ni yako."

Akaacha kucheka.

Tukaenda kula kwa wale Waislamu wa Kichina, watu wa mji wa Lanzhou, wanaovuta tambi kwa mkono. Muzdalifa hakugusa chakula. Alitoa kitabu mkobani, akakifungua juu ya meza penye picha ya ndege mmoja mfupi, mnene, hana mkia wa maana, amevaa rangi kama amejifunga sampuli za duka zima.

"Huyu Wachina wanamwita wa rangi nane," akasema. "Hupita huku siku chache tu, Aprili. Kesho asubuhi naongoza matembezi ya kutazama ndege, kwenye msitu ulio nyuma ya chuo. Njoo nami, Mama. Ukimwona huyu kwa macho yako, unaniachia niende mlimani na hunilaumu tena. Usipomwona, saa nane nasaini kwa Marijani, na habari ya ndege tunaifunga."

"Wewe umeshamwona mara ngapi?"

"Sijamwona hata mara moja. Mwalimu Liang alimwona msitu ule ule, miaka sita nyuma."

Ebo! Nikamtazama mtoto huyu kama ana homa. Mtu unaweka maisha yako juu ya ndege usiyemjua? Lakini uso wake ulikuwa umechoka, na nikaelewa. Alichoka kunikatalia kila siku. Alitaka jambo liamuliwe na mwengine, asiwe yeye wala mimi. Na hakunitaka kiapo. Nikisema nimeona, nimeona. Nikisema sikuona, sikuona. Mimi ni mama yake.

"Haya, nimekubali," nikasema. Nikalivuta bakuli lake la tambi nikalimaliza.

Jumapili saa moja asubuhi tulikuwa langoni kwa msitu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Aprili ya Guangzhou ni kama masika yetu, ila unyevu wao hauna adabu: kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, na kitambaa ukikisahau sakafuni wiki moja unakikuta kimeota ukungu. Walikuja watu kumi na mmoja. Wengi wao wazee wa Kichina waliostaafu, na kofia zao, na chupa zao za chai, na darubini shingoni. Mkubwa wao alikuwa huyo Mwalimu Liang, mzee mwembamba aliyefundisha jiografia sekondari mpaka akastaafu. Mwengine niliyeweza kuzungumza naye alikuwa Wekesa, kijana wa Kenya anayesoma darasa moja na Muzdalifa.

"Shikamoo, Mathe," akaniamkia.

"Marahaba. Mathe ndiyo nani?"

"Si ni wewe, mama yetu sisi wote. Lakini Mathe, na huo udi! Leo ndege watadhani kuna harusi."

Nilicheka. Ni kweli nilikuwa nimelifukiza buibui langu, siwezi kutoka nyumbani nanuka kama kabati. Muzdalifa hakucheka. Alikuwa amevaa suruali ya kijani iliyopauka na mtandio rangi ya udongo, na alikuwa akitoa masharti, kwanza kwa Kichina, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Simu zizimwe. Tusinyooshe mikono ghafla. Tusitoke nje ya njia. Na mtu akiona kitu aseme hapo hapo, kwa sauti ya chini, ili na wenzake wapate kuona.

"Hilo la mwisho ndilo kubwa," akasema. "Humu hakuna wa kuona peke yake akanyamaza."

Nilitegemea kuchoshwa, na nusu saa ya kwanza nilichoshwa kweli. Majani, maji, mbu. Mtu anasimama, wote wanasimama. Mtu ananong'ona, wote wanainua darubini, mimi naona tawi. Lakini nilianza kumtazama mwanangu badala ya ndege, na hapo mambo yakawa mengine. Yeye alikuwa laobani wa pale. Akiinua kiganja, wazee wenye umri wa babu yake wananyamaza kama wako msikitini. Alikuwa anasikia kitu kabla hakijaonekana. Anainamisha kichwa, anasema jina, anaonyesha upande kwa macho, na baada ya muda kidogo hicho kitu kinatokea pale pale alipopasema.

Alinionyesha mmoja mweusi mgongoni, koo lake la manjano linawaka, katua kwenye tawi juu ya mfereji.

"Huyu katoka Borneo," akaninong'oneza. "Anakwenda Japani kutaga. Uzito wake ni kama vijiko vitatu vya sukari."

"Anapita juu ya bahari?"

"Juu ya bahari. Na usiku."

"Akichoka anatua wapi?"

"Hatui, Mama. Akitua ndiyo mwisho wake."

Mimi safari ya Dar mpaka Guangzhou, nimewekewa kiti na chakula, nafika miguu imevimba na maneno tele. Yule mdogo akapangusa mdomo wake kwenye tawi, akaruka, akaenda zake.

Mwalimu Liang alisema kitu, Muzdalifa akaona haya akatazama chini. Nikamuuliza Wekesa mzee kasemaje.

"Anasema amefundisha miaka arobaini, na hajapata mwanafunzi mwenye masikio kama ya huyu."

"Mwambie masikio hayo akiitwa jikoni hayasikii."

Wekesa akatafsiri. Wale wazee walicheka mpaka Muzdalifa akawanyamazisha, na mimi pia akanitolea macho. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilifurahi na papo hapo nikaogopa, kwa sababu niliona kwamba mtu huyu hapa ana mahali pake, na mahali penyewe si kwangu.

Njia ikaanza kupanda. Magoti yangu hayapendi mlima. Nikawaambia watangulie, nikakaa juu ya jiwe kando ya njia, nikatazama saa kujua muda uliobaki. Ilikuwa saa mbili na nusu. Wao walisimama hatua kama ishirini mbele yangu, vichwa vyote juu, wanatafuta kitu kwenye kilele cha mti.

Ndipo akatoka.

Alitoka chini ya ukingo, penye majani yaliyooza, hatua tano kutoka mguu wangu. Alikuja akirukaruka kwa miguu mirefu. Alipindua jani kwa mdomo, akatazama chini yake, akapindua jingine, akavuta mnyoo akaumeza. Hana habari na mtu. Sasa, kiwandani kila rangi inayochapwa kwenye kitambaa ina fremu yake ya kuichapia, na kila fremu inalipiwa, kwa hiyo mimi huhesabu rangi za kitambaa kabla sijauliza bei. Nikamhesabu vivyo hivyo. Utosi wa kahawia. Utepe mweusi kupita kwenye jicho. Juu ya jicho, mstari wa rangi ya maziwa. Koo jeupe. Mgongo wa kijani. Begani feruzi, feruzi hasa, ile yangu ya Zhongda ilikuwa mavumbi tu mbele yake. Tumbo la manjano ya kupauka. Akainama kuchukua mnyoo mwengine, na chini ya kile kimkia nikaona nyekundu. Nane. Sikukosea.

Na mimi nikafanya nini? Nikageuza uso. Naapa, mwanzo sikufikiri lolote. Kitu kizuri kimekaa mbele yangu, shingo ikageuka yenyewe, nikawa natazama gogo. Miaka yote ile ya kazi haikuniomba ruhusa. Lakini baada ya hapo nilifikiri, na hiyo ndiyo nitakayoulizwa na Mungu. Nilifikiri: nikiita, mwanangu kaondoka.

Wekesa akageuka akaniona. "Mathe, uko sawa? Kuna kitu hapo?"

"Kuna magoti mabovu tu," nikasema. "Njoo unipe mkono, twende."

Nikasimama kwa kishindo, nikakung'uta buibui kwa nguvu. Nilipotupa jicho tena pale ukingoni, palikuwa na majani matupu.

Mbele zaidi kulikuwa na bonde dogo lenye kijito. Mwalimu Liang alisema hapo ndipo alipomwona yeye mwaka ule. Muzdalifa akawapanga watu kimya kimya nyuma ya mianzi, na yeye mwenyewe akashuka kwenye maji, akachuchumaa. Alikaa hivyo nusu saa nzima. Maji yalimlowesha mpaka mapajani. Hakutikisika, ila midomo yake ilikuwa ikicheza, na mimi niliyemfundisha dua zake zote nilijua kwamba anaomba. Nilitaka kumwambia. Sikumwambia. Nikajiambia: mimi simkatazi kuomba, mimi sikumfukuza ndege, huyo ndege ana miguu yake. Uongo mtupu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Akapanda juu, akakamua suruali, akasema tuendelee.

Matembezi yao yana kawaida yake ya kumalizia. Wanarudi langoni, wanakaa kwenye meza ya mawe, wanamiminiana chai. Kiongozi anasoma majina ya ndege mmoja mmoja kwenye daftari, na aliyemwona anasema nimeona, na kiongozi anatia alama. Mwisho anamuuliza kila mtu kwa zamu yake kama ameona kingine ambacho hakikutajwa. Mtu hadaiwi picha wala shahidi. Akisema ameona, anaulizwa maswali mawili matatu, inaandikwa, na jina lake linawekwa pembeni. Wazee wale wakajibu mmoja mmoja, meiyou, hakuna. Wekesa naye hakuna. Akafika kwangu.

"Na wewe, Mama?" aliniuliza kwa upole, bila hata kunikodolea macho. "Umeona kingine?"

Mwalimu Liang alikuwa ananimiminia chai. Nikaitazama ile chai.

"Sikuona," nikasema.

Muzdalifa akaitika kwa kichwa. Alihesabu, akawaambia wenzake jumla ni aina thelathini na moja za ndege, akawashukuru, akafunga daftari. Kisha akavua darubini shingoni akampa Wekesa.

"Kaa nayo."

"Hadi lini?"

"We kaa nayo tu."

Kwenye treni ya chini ya ardhi nilitegemea aninunie. Angeninunia ingekuwa afadhali. Hakununa. Aliniuliza rafu za sampuli tuzipeleke ukuta gani, na kama wateja wa Mombasa nao watakuja kwake au wana mtu wao. Alikuwa akinipangia mambo kwa adabu, kama mtoto aliyeahidi na sasa anatimiza. Nilikuwa nimeshinda, na nilijiona kama mtu aliyekula chakula cha mwanawe. Nilimjibu ndiyo, hapana, ndiyo. Suruali yake ilikuwa bado inadondosha maji kwenye sakafu ya treni.

Saa nane tulikuwa ofisini kwa Marijani, ghorofa ya nne. Alikuwa ametuwekea chai ya maziwa na maandazi aliyoyakaanga mwenyewe, maskini, na ameshafungasha vitu vyake kwenye makatoni. Mwenye jengo alikuwepo na muhuri wake na wino mwekundu. Muzdalifa alikaa, akausoma mkataba ukurasa kwa ukurasa, akamwonyesha mwenye jengo tarehe moja iliyokosewa, ikarekebishwa. Marijani akanikonyeza: umeona mtu huyo? Muzdalifa akashika kalamu.

"Nilimwona," nikasema.

"Ulimwona nani, Mama?"

"Ndege wako. Wa rangi nane."

Marijani akacheka, akidhani ni utani wetu. Muzdalifa hakucheka. Aliilaza ile kalamu juu ya mkataba, akatoa daftari lake na penseli, na akaanza kuniuliza kama alivyokuwa akiwauliza wale wazee, sauti ile ile.

"Wapi?"

"Pale nilipokaa, penye jiwe."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

"Umbali?"

"Hatua tano."

"Alikuwa akifanya nini?"

"Anapindua majani. Anakula minyoo."

"Rangi."

Nikamtajia zote, kuanzia utosi. Alikuwa akiandika haraka haraka. Nilipofika kwenye nyekundu akainua kichwa.

"Nyekundu iko wapi?"

"Chini ya mkia. Haionekani mpaka ainame."

Penseli ikasimama. Picha ya kitabuni ilimwonyesha kwa juu. Hapo chini ya mkia palikuwa hapaonekani. Akajua kwamba sikutunga.

"Nilikuuliza, Mama."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mbele za watu, ukasema hukuona."

"Nilisema."

"Nimekaa kwenye maji nusu saa namwomba Mungu, na wewe ulikuwa umeshamwona."

Mwenye jengo aliuliza kitu kwa Kichina, Marijani akamwashiria angoje.

"Kwa ajili ya ofisi?" Muzdalifa akauliza. "Umenifanyia hivi kwa ajili ya vitambaa?"

"Ofisi iungue!" nikasema, na sauti ikanikatika, mimi Bimkubwa ninayewatoa jasho malaobani. "Sina haja na ofisi. Nimechoka kukaa peke yangu, Muzda. Tangu baba yako afe sina mtu wa kula naye. Nilitaka tukae nyumba moja, mimi na wewe. Nakutaka wewe, mwanangu. Sababu nyengine sina, zile zote nilizokwambia ni maneno tu."

Marijani akanyanyuka akaenda dirishani. Muzdalifa alinitazama. Machozi yalimlenga.

"Ungeniambia hivyo jana kwenye tambi," akasema, "ningesaini. Hata msituni nisingekupeleka. Wiki zote hizi ni wateja, wateja, mimi nikadhani unatafuta wakala."

"Basi nakwambia sasa."

"Sasa nimeshajua kwamba yupo. Nakwenda mlimani."

Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akarudisha daftari mkobani. Akaja akanibusu mkono, kama afanyavyo siku zote akiondoka, akamwomba Marijani radhi kwa usumbufu, akatoka. Lifti ilikuwa inapandisha majora ya watu, kwa hiyo alishuka kwa ngazi, ghorofa nne, mbio, na mimi nilizisikia hatua zake mpaka chini.